Ungekata simu dakika ya ngapi?

(Vijana walioniita wameniomba niandike yale niliyoyasema Jumamosi kabla ya filamu kuanza. Sikuwa na karatasi siku ile, kwa hivyo naandika vile nakumbuka, na pale nilipopotea njia nimeacha hivo hivo.)

Asalaam aleikum. Na wale wa bwana asifiwe, bwana asifiwe. Karibuni, wa nyuma sogeeni kuna viti huku mbele, na wenye watoto wadogo nawaomba kwa heshima zote mkawalaze kwanza, hii si ya watoto. Na wewe mtu mzima ukifika katikati ukaona yatosha, mlango ule pale hatujaufunga, toka tu, hakuna atakayekuuliza waenda wapi. Kumbukeni hilo la mlango.

Mie wengine mnanijua kwa lile duka la muvi kule Majengo, wengine mnanijua manake nawadai. Nimeanza na kanda za VHS, ukiirudisha bila kuizungusha mpaka mwanzo nakutoza shilingi kumi, alafu zikaja CD, na tusidanganyane hapa, nyingi zilikuwa za kuchoma, nachoma mwenyewe usiku kucha, asubuhi naziandika majina kwa maka. Za Kihindi, za karate, na zile za kutafsiriwa za kina DJ Afro ndio zilikuwa zinanilisha. Baadaye kila mtu akawa na simu inayoshusha filamu yenyewe, sai duka nachaji simu na kuuza kava. Nawaambia haya si kwa kujisikitikia, nataka mjue tu kwamba hizo CD za kuchoma zina kesi yake huko mbele, tutafika.

Sasa hii diski. Inaitwa Compliance, aliyeitengeneza ni Mmarekani mmoja Craig Zobel. Ilionyeshwa mara ya kwanza Sundance, lile tamasha lao la filamu kule milimani kwenye baridi, Januari 2012, na ilipoisha watu wakaanza kupigiana kelele ukumbini na mwenye filamu yuko pale mbele anasubiri maswali, na wengine walikuwa washatoka kabla haijaisha. Mwezi wa nane mwaka ule ule ikaingia sinema chache za Marekani, ikapata kama dola laki tatu na kitu, ambayo kwa sinema za kule ni pesa ya chai. Januari 2013 ikatoka DVD na Blu-ray. Na mie nasema pale ndipo ilipozaliwa hasa, sebuleni kwa watu, nitawaambia kwa nini.

Hii yangu ni orijino, msicheke. Aliniletea shemeji yangu anayekaa huko, ndani ya begi katikati ya viatu. Naweka kwenye mashine yangu nzuri ya bei, inakataa, inaandika sijui diski mbaya. Kumbe DVD za Marekani ni za eneo namba 1 na sisi huku Kenya ni namba 5, wenyewe waligawanya dunia mapande mapande ili ya huku isichezwe kule. Siku tatu nahangaika. Mwisho nikaenda kwa jirani ana kale kamashine ka Kichina ka elfu mbili hakana hata jina, kakaimeza na kuicheza bila swali. Mashine ya bei imetii sheria, ya bei rahisi haijui kuna sheria. Hiyo ndo ilikuwa somo la kwanza na filamu haijaanza!

Ni filamu ya pesa kidogo, hata dola milioni moja haikufika. Hakuna gari linalolipuka, hakuna mtu anayeruka kutoka gorofani. Ni mgahawa wa kuku wa haraka haraka, siku ya wikendi, wateja wamejaa, na nyuma kuna kiofisi kidogo cha kuweka maboksi. Simu inalia. Anayepiga anasema yeye ni afisa wa polisi, kuna msichana pale kaunta ameiba pesa kwenye mkoba wa mteja, na wewe meneja, mama Sandra, tafadhali mchukue umpeleke hapo nyuma umshikilie mpaka nifike. Basi. Dakika tisini zinatoka kwenye hiyo simu moja. Mengine mtajionea, ila niseme wazi, msichana anavuliwa nguo kwa amri ya simu na inakwenda mbali zaidi ya hapo. Ndo maana nikasema watoto walale.

Mama Sandra ni Ann Dowd. Huyu mama kaigiza mpaka nikasahau kuwa anaigiza, alipata tuzo ya National Board of Review kwa hiyo kazi, na ya kuchekesha ni kwamba filamu haikuwa na pesa ya kumpigia debe kwenye Oscar, akakopa mwenyewe akajilipia kampeni. Hakupata. Lakini nataka mumwangalie mwanzo kabisa, kabla simu haijalia. Usiku wa jana yake mtu aliacha friza wazi, nyama imeharibika, bekoni, sisi wengine haituhusu lakini ni mali ya watu, na mama anajua bosi wa juu akisikia atamla nyama. Kwa hivyo simu inapolia yeye tayari ana kosa lake mfukoni. Na yule wa kwenye simu anamwambia tena, bosi wako ninaye hapa laini ya pili. Ushaona?

Na msidhani ni hadithi ya kutunga tu. Haya yametokea. Kwa miaka zaidi ya kumi, mpaka 2004, kule Marekani kulikuwa na mtu akipigia migahawa na maduka anajifanya polisi, matukio zaidi ya 70, majimbo kama 30. La mwisho lililojulikana sana lilikuwa Kentucky, Aprili 2004, msichana wa miaka kumi na nane alikaa kwenye ofisi ya nyuma zaidi ya masaa matatu. Polisi wakafuatilia kadi za simu za kulipia kabla, wakapata duka zilikonunuliwa, wakatazama kamera, wakamkamata mtu ambaye kazi yake alikuwa askari jela, 2006 mahakama ikamwachilia, jopo likasema hana hatia. Mwaka uliofuata jopo jingine likaamua yule msichana alipwe na waajiri wake zaidi ya dola milioni 6. Na mnajua nini, simu 70 manake ni mameneja 70 na zaidi waliosema ndio bwana. Huwezi kuniambia wote ni wajinga.

Haya sasa kesi yangu. Wale wanaoijua wakae kimya.

Ilikuwa saa kumi jioni, nimekaa dukani nahesabu sarafu, simu nimeibana na bega. Sauti nzito, ya upole, Kiswahili cha bara kidogo. "Wewe ndiye mwenye duka la CD Majengo?" Nikasema ndio. "Uko peke yako?" Nikasema ndio. "Usikate simu, tunarekodi." Akanitajia cheo chake, na ofisi, na Nairobi, nami nasikia moyo umeanza kugonga kwa sababu kuliani kwangu kuna rafu nzima ya CD za kuchoma, maandishi ya maka ni ya mkono wangu! Hakuniuliza kama zipo. Aliniambia tu tunazo taarifa zako. Akasema funga mlango nusu. Nikafunga nusu. Akasema zitie kwenye gunia. Nikatia. Yaani mtu mzima, mwenye mvi, niko magotini natia CD kwenye gunia la unga, simu begani, na kila nikimaliza namwambia "tayari afande", na yeye ananijibu "vizuri sana". Na wallahi ile "vizuri sana" ilinifurahisha. Nilifurahi kusifiwa. Mpaka leo hilo ndo linaniuma kuliko pesa.

Alafu akasema kesi ya kortini ni miaka, lakini ushirikiano wako nimeuona, lipa faini ya awali elfu tatu tuandike umekubali. Nikatuma. Wewe unayecheka hapo nyuma mwenye fulana nyekundu, nimekuona. Nikatuma elfu tatu, akaniambia sasa toka nenda kwa ejenti uweke elfu kumi, usikate simu, usiongee na mtu, upelelezi unaendelea. Nikafunga duka. Natembea, simu sikioni, nimefika pale kona, kuna mama auza mahamri, ananijua tangu sijaoa. Akaniuliza, "Kwani leo wafunga mapema, umefiwa?" Mie nikamwekea kidole mdomoni nyamaza, nikanong'ona, polisi. Akasema polisi wako wapi? Nikamwonyesha simu. Akanyoosha mkono wenye unga, akaichukua, akaiweka sikioni, akauliza swali moja tu.

"Wewe mwana wa nani?"

Ikakatwa.

Nimesimama pale jasho lanitoka, simu ina unga. Mama akanirudishia na hamri mbili akasema kaa hapo unywe chai. Hakunicheka, alinicheka kesho yake.

Nimelifikiria lile swali sana. Mie ningeweza kumuuliza, simu nilikuwa nayo mie, dakika arobaini nzima. Kwa nini sikuuliza? Sisi tumelelewa na asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na ni methali ya kweli, mie siipingi, imenikinga na mengi. Nyumbani unaambiwa amka unaamka, chuoni ukichelewa fimbo, shule vile vile, kwa chifu unavua kofia. Lakini wote hao nilikuwa nawaona, namjua baba, namjua maalim, namjua chifu na boma lake na nani alimuoa shangazi yake. Mkuu alikuwa na mahali pa kukaa. Huyu wangu hakuwa na uso wala kwao, ana sauti tu, na nikampa heshima ile ile ya wale wote kwa mkupuo.

Kuna mtu wa saikolojia, Stanley Milgram, chuo cha Yale, mwaka 1961 aliweka tangazo gazetini, njoo ushiriki utafiti wa kumbukumbu, dola nne na senti hamsini za nauli. Ukifika unakalishwa mbele ya mashine ina swichi thelathini, ya kwanza volti 15, ya mwisho 450, kuna mtu chumba cha pili akikosea jibu unampiga shoti, ukiongeza volti 15 kila akikosea. Shoti ni za uongo, yule mtu ni wao, lakini wewe hujui. Unamsikia anagonga ukuta, ukigeuka yule bwana mwenye koti, msimamizi wa utafiti, anakwambia tafadhali endelea. Watu 40 wa kwanza, 26 walifika mwisho. Haba na haba, mnaona, hakuna aliyeambiwa piga 450, aliambiwa ongeza kidogo tu.

Lakini mie kuna mawili kwenye ule utafiti hayasemwi sana na ndo yaliyonileta hapa. La kwanza, alijaribu tena lakini yule mwenye koti akatoka chumbani akawa anatoa amri kwa simu, na utiifu ukashuka mpaka kama mtu mmoja katika watano, wengine wakawa wanamdanganya, wanabonyeza ya chini wanasema wamebonyeza ya juu. Kwa hivyo simu peke yake ni dhaifu! Mbona basi kule Kentucky ilifanya kazi, na kwangu? Mie jibu langu, na mnaweza kulipinga, ni lile kosa la mfukoni. Friza la mama Sandra, CD zangu. Anayekuamrisha kwa mbali anahitaji mtu wa kumsaidia ndani ya chumba, na wa kwangu alikuwa mie mwenyewe na hofu yangu. La pili, alijaribu ukiwa umekaa na wenzako wawili mnafanya kazi pamoja, na hao wawili, ambao ni watu wake, wanakataa kuendelea mbele yako. Hapo kati ya 40 waliofika mwisho walikuwa wanne tu. Wanne! Volti zile zile, koti lile lile. Kilichobadilika ni kwamba mtu amekataa na wewe umemuona.

Yule mama wa kona ndo hao wawili.

Kuna jambo siwezi kulikwepa nikiwa Malindi, na nitalisema kidogo kwa sababu humu kuna waliopoteza watu. Shakahola, ule msitu ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga kula mpaka wakafa. 2023 sote tulikuwepo, tuliona magari yakiingia na mifuko, mochari ya hospitali yetu hapa haikutosha, ilifika zaidi ya miili mia nne. Mie sio hakimu na simhukumu mtu. Lakini nilikaa barazani jioni zile nikasikia watu wanasema "wale walikuwa wajinga", na nilinyamaza, ila moyoni nilikumbuka gunia. Walikuwemo watu waliosoma, wenye kazi zao, waliokuwa na nyumba na watoto. Sidhani yupo aliyeamka asubuhi moja akaambiwa nenda msituni ukafe akasema sawa. Utakuta kwanza ni acha hiki, alafu toa mtoto shule, alafu uza ile, kila moja inaongezwa juu ya nyingine. Na msituni hakuna kona yenye mama wa mahamri. Basi, hapo naachia.

Na tusijifanye hatuna wa kwetu waliokataa. Sanamu yake iko hapa hapa mjini, mnapiga picha kila Idi na Krismasi. Mekatilili wa Menza, yule mama shujaa wa Wagiriama, 1913, Mwingereza anataka kodi na vijana wakafanye kazi mashambani, wazee husimulia alimwendea yule bwana Champion, mtawala wa Kiingereza, kwenye mkutano na kuku na vifaranga vyake, akamwambia haya chukua kifaranga kimoja, Champion akanyoosha mkono kuku akamdona. Wakamkamata wakampeleka mbali huko magharibi ya nchi, akatoroka akarudi kwa miguu. Ninachokipenda kwenye ile hadithi ni kwamba hakutoa hotuba ndefu kama mie hapa. Kuku hakungoja kujua huyu ametumwa na nani, alidona. Na wale mia waliokuwa wamesimama pale wakaona amedonwa na ana damu kama wao.

Sasa nirudi kwenye DVD. Wale wa Sundance walikuwa ukumbini, filamu inakwenda yenyewe, walichoweza ni kukaa au kutoka. Wengine walilalamika kwamba filamu inamdhalilisha yule mwigizaji msichana vile vile anavyodhalilishwa kwenye hadithi, na mie siwezi kusema wamekosea kabisa, kuna picha mbili tatu ningezikata. Lakini nyumbani una rimoti. Mara ya kwanza niliionyesha dukani, tulikuwa saba, mmoja mwalimu mstaafu, mkali, mnamjua simtaji, alishasema hata haijaanza kwamba yeye angekata simu dakika ya kwanza. Nikampa rimoti. Nikamwambia sharti ni moja, pale ambapo wewe ungekata, bonyeza pozi.

Ikaanza. Dakika ya kwanza ikapita. Mama Sandra anamwita msichana, mwalimu ametulia. Wanakagua mkoba, ametulia. Nikimtazama kwa pembeni kidole kiko juu ya kitufe, lakini hakishuki. Feni inazunguka, hakuna anayetafuna kitu. Nguo ya kwanza. Mtu mmoja akasema "aah", mwalimu hakubonyeza. Alibonyeza ikiwa imeshakwenda mbali sana, na picha ikasimama, uso wa msichana umejaa kioo kizima na mistari ile ya DVD inatetemeka. Nikamuuliza mwalimu, mbona sasa? Alikaa kimya kama dakika. Akasema, "Nilikuwa nangoja ifike pabaya. Kila mara ilikuwa mbaya kidogo tu kuliko ile ya nyuma."

Tulikuwa na binti mmoja, anafanya kazi hoteli, mapokezi. Wanaume wote tulikuwa tunabishana kama tungekuwa mama Sandra tungefanya nini. Yeye akasema mie hata sikujiona kama huyo mama, mie nilijiona yule msichana. Akatueleza, kila jioni wakitoka kazini wanasimamishwa getini wafungue mikoba, askari anatia mkono anapekua mpaka vitambaa vyao, na mwaka wa kwanza alikuwa anaona aibu mpaka kichwa kinauma, sasa hivi anafungua mkoba hata hajaambiwa. Ile siku tulizima tukaongea mpaka saa saba usiku na filamu hatukuimaliza, tuliimalizia Jumanne.

Basi leo ni hivo hivo. Rimoti hii hapa, betri mpya nimeweka, plasta hii ya nyuma ni kwa sababu kifuniko kimepotea. Kitufe ni hiki chenye vijiti viwili. Mama, uko humu? Nilikuona ukiingia. Ndiye huyo jamani mwenye leso ya buluu, ndiye wa mahamri, mpigieni makofi. Mama nataka wewe ushike.

(Hapo mama alikataa. Alisema kwa sauti watu wote wakasikia, "Mie leo nimekuja kutazama. Mpe yule aliyecheka.")

Haya. Mwenye fulana nyekundu, njoo mbele. Njoo mwanangu, usione haya, kaa kiti hiki hapa karibu na kioo. Shika. Mtu wa taa, zima.